Mgonjwa Naye ni Mwalimu

Ndugu msikilizaji, wiki hii nataka tuzungumze juu ya hospitali. Najua mada hii haina wapenzi. Mtu mzima akiitaja hospitali huongeza palepale "Mungu aepushie mbali", na mtoto akilisikia neno hilo hujificha nyuma ya mama yake. Lakini hospitali ni kama fundi wa paa. Ukimkumbuka siku ile tu mvua inapokudondokea kitandani, utakubali bei yoyote na kazi yoyote. Afadhali basi tuizungumze leo, tukiwa wazima na akili zimetulia.

Hospitali ninayoikusudia ni ile ya Mloganzila, pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam. Kwa msikilizaji ambaye hajafika, ukitoka katikati ya jiji kwa Barabara ya Morogoro unapita Ubungo, Kimara na Mbezi, unafika Kibamba, kisha unaiacha barabara kuu na kuingia ndani. Ni mwendo wa kilomita ishirini na kitu. Huko utakuta majengo makubwa, marefu, yamesimama katikati ya nafasi kubwa kuliko ile ambayo hospitali nyingine yoyote ya jiji hili imebahatika kuipata.

Mloganzila ni sehemu ya Hospitali ya Taifa Muhimbili. Lakini tangu ilipopangwa kujengwa ilikusudiwa iwe hospitali ya kufundishia. Neno hilo, kufundishia, ndilo nataka tulishike leo mimi na wewe, maana tunalisikia kila mara na ni wachache wanaojiuliza lina maana gani kwa yule aliyelala kitandani. Je, anayefundishwa ni nani? Anafundishwa kwa kutumia nini? Na huyo anayetumiwa kufundishia anapata nini?

Ili tujibu vizuri inabidi turudi nyuma kidogo, kwa sababu Mloganzila ni mtoto, na mtoto huyo ana mama na bibi.

Bibi alizaliwa zama za Wajerumani. Palikuwa na mfanyabiashara mmoja wa asili ya Kihindi, Sewa Haji, aliyetajirika Bagamoyo kwa kuiuzia misafara ya bara bidhaa na kuipatia wapagazi. Sewa Haji alifariki mwaka 1897, lakini kabla ya hapo alikuwa ametoa fedha ijengwe hospitali Dar es Salaam kwa ajili ya Waafrika na Wahindi. Mwaka huohuo wa 1897 Wajerumani nao walikuwa na hospitali yao ufukweni, ile ya Ocean Road, kwa ajili ya Wazungu. Kwa hiyo mji ulikuwa mmoja na bahari moja, lakini homa zilitibiwa kwa rangi ya ngozi. Ocean Road ile, kama ujuavyo, tangu mwaka 1996 ni taasisi ya saratani inayopokea wagonjwa kutoka kila pembe ya nchi.

Hospitali ya Sewa Haji iliwahudumia wakazi wa Dar es Salaam kwa karibu miaka sitini, chini ya Wajerumani na baadaye chini ya Waingereza. Mwaka 1956 ikafunguliwa hospitali mpya Upanga, ikapewa jina la Princess Margaret, binti wa mfalme wa Uingereza ambaye mwaka huo alifika hapa nchini. Hiyo ndiyo hospitali ambayo baada ya uhuru tuliiita Muhimbili. Jina la Sewa Haji halikupotea. Hadi leo mtu aliyelazwa Muhimbili anaweza kukuambia yuko Sewahaji, kama mwingine anavyosema yuko Mwaisela au Kibasila, maana hayo ni majina ya majengo ya wodi.

Sasa sikiliza hesabu hii, msikilizaji. Tulipopata uhuru mwaka 1961, nchi nzima ya Tanganyika ilikuwa na madaktari wazalendo 12. Mwalimu Nyerere alikuwa akiitaja sana idadi hiyo, na alikuwa na sababu. Kijana wa Kitanganyika aliyetaka udaktari alikuwa akienda Makerere, Uganda, akijifunzia katika Hospitali ya Mulago, au akipanda meli kwenda Ulaya. Nchi iliyohitaji mamia ya madaktari ingengoja hadi lini kwa mwendo huo?

Ndipo mwaka 1963 ikaanzishwa shule ya udaktari Dar es Salaam, na vijana wetu wakaanza kujifunza kazi hiyo hapa nyumbani. Mwaka 1968 shule hiyo ikawa kitivo cha tiba cha chuo kikuu. Mwaka 1976 kitivo na hospitali vikaunganishwa vikawa kitu kimoja, Kituo cha Tiba Muhimbili. Mwaka 1991 kitivo kikapandishwa kuwa chuo kikuu kishiriki. Mwaka 2000 hospitali ikatengwa tena ikawa Hospitali ya Taifa yenye uongozi wake, na mwaka 2007 chuo nacho kikawa chuo kikuu kamili, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili.

Ukizitazama tarehe hizo utaona jambo moja. Hospitali na chuo ni kama mume na mke waliooana, wakaachana, lakini wakabaki kuishi katika ua mmoja kwa sababu hakuna awezaye kupika bila mwenzake. Chuo bila hospitali kitatoa madaktari wa karatasi. Hospitali bila chuo itabaki na maarifa ya juzi. Lakini mume na mke hao wana tabia tofauti. Hospitali inaulizwa kila asubuhi: wagonjwa wangapi wamepona? Chuo kinaulizwa kila mwaka: wanafunzi wangapi wamefaulu? Mgonjwa amelala katikati ya maswali hayo mawili.

Mtoto wao, Mloganzila, amezaliwa katika hali hiyohiyo. Upanga palikuwa pamejaa, hapana mahali pa kupanua, na chuo kilipewa eneo kubwa huko Mloganzila. Hospitali ikajengwa kwa mkopo wa masharti nafuu kutoka Korea Kusini pamoja na fedha za serikali yetu. Ilizinduliwa na Rais John Magufuli tarehe 25 Novemba 2017, ikiwa imejengwa kwa vitanda 571. Mwanzoni ilikuwa mikononi mwa chuo. Haukupita mwaka mmoja, yaani Oktoba 2018, ikahamishiwa mikononi mwa Hospitali ya Taifa Muhimbili, na chuo kikabaki kufundisha humo humo. Swali la mume na mke likawa limejitokeza tena katika nyumba mpya.

Miezi ile ya mwanzo haikuwa rahisi. Jina lenyewe, kwa mtu asiye mwenyeji wa huko, linasikika kama lina neno kuloga ndani yake, na watu wa mjini hawakukosa la kusema. Ukazuka uvumi kwamba anayepelekwa Mloganzila harudi. Ndugu wengine walikuwa wakisihi mgonjwa wao asihamishiwe huko, abaki Muhimbili hata kama atalala chini.

Uvumi ule unastahili kujibiwa kwa hoja kuliko kwa kukaripia. Hospitali ya rufaa ni mahali zinapopelekwa kesi zilizowashinda wengine. Zahanati ya mtaani inapokea mafua, vidonda na malaria iliyowahiwa, kwa hiyo wengi wanaotibiwa pale hurudi nyumbani kwa miguu yao. Hospitali ya taifa inampokea yule ambaye zahanati imemshindwa, kituo cha afya kimemshindwa, hospitali ya mkoa imemshindwa, na pengine katikati ya safari hiyo alipitishwa kwa mganga wa kienyeji akakaa wiki tatu. Anafika amechoka, nasi tumechoka. Akifariki, tunasema hospitali imemuua. Ndugu zangu, ukiwapima walimu kwa kumpa mmoja darasa la waliofaulu na mwingine darasa la waliofeli mara tatu, utamwonea huyo wa pili.

Lakini nasema pia kwamba uvumi hauoti palipo na maelezo. Mahali ambapo ndugu wa mgonjwa wanaambiwa kwa lugha wanayoielewa mgonjwa wao ana nini, amefanyiwa nini na kwa nini ameshindikana, uvumi hukosa pa kukaa. Na hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha mazungumzo yangu.

Nieleze kwanza jinsi udaktari unavyofundishwa. Mwanafunzi wa udaktari hapa kwetu husoma miaka mitano. Miaka ya mwanzo yuko zaidi darasani na maabara. Baadaye huingia wodini. Kila asubuhi daktari bingwa hupita kitanda hadi kitanda, na nyuma yake kuna msururu: madaktari wanaosomea ubingwa, madaktari walioko katika mwaka wa mazoezi baada ya kuhitimu, wanafunzi, na muuguzi mwenye faili. Hiyo ndiyo raundi. Kwenye kila kitanda mwanafunzi mmoja husimulia habari za mgonjwa, bingwa huuliza maswali, wengine husikiliza. Mkono huu unagusa ini, mkono ule unasikiliza moyo. Hakuna kitabu kinachoweza kumfundisha mtu jinsi tumbo gumu linavyohisika chini ya vidole. Anayelifundisha somo hilo ni mwenye tumbo.

Kwa hiyo jibu la swali langu la kwanza ni hili: katika hospitali ya kufundishia, mgonjwa naye ni mwalimu. Halipwi mshahara, hana chaki, wala hakuomba kazi hiyo, lakini bila yeye daktari hapatikani. Mama aliyelazwa leo Mloganzila akaruhusu kijana wa miaka ishirini na tatu amsikilize kifua, anamtibia mtu wa Nachingwea au wa Kasulu ambaye hatamwona maishani, miaka kumi kutoka sasa. Hiyo ni sadaka kubwa, na mara nyingi anayeitoa hata hajui kama ameitoa.

Je, sisi tunaipokea sadaka hiyo kwa adabu inayostahili?

Nitakupa mfano ulionikuta katika ukoo wetu. Baba yangu mdogo aliwahi kulazwa katika hospitali moja kubwa ya kufundishia, ambayo siitaji. Alikuwa amevimba miguu na amepungukiwa nguvu. Siku nilipokwenda kumtazama nilikuta raundi imefika kitandani kwake. Walikuwa watu kama kumi na wawili. Shuka lilifunuliwa, miguu ikabonyezwa, wakazungumza kwa Kiingereza kama dakika kumi, wakatikisa vichwa, mmoja akacheka kwa jambo lao wenyewe, wakaondoka. Hakuna aliyemwambia jina lake. Shuka nililifunika mimi. Baba mdogo akanitazama akaniuliza, "Wamesemaje? Ndiyo basi tena?" Kwa kuwa walitikisa vichwa na mmoja akacheka, mzee alikuwa ameshajihukumu kufa.

Jioni akarudi kijana mmoja kati ya wale, peke yake. Akamwamkia mzee shikamoo, akavuta kiti, akajitambulisha kwamba ni mwanafunzi, akaomba ruhusa ya kumwuliza maswali. Akayauliza kwa Kiswahili, bila haraka. Akafika kwenye swali la dawa. Asubuhi mzee alikuwa ameulizwa kama anatumia dawa yoyote, akajibu hapana, kwa sababu alidhani dawa ni ile inayoandikwa na daktari. Kijana akauliza kwa namna nyingine: "Mzee, magoti yakikuuma huwa unameza nini?" Mzee akasema ana vidonge vyake vya maumivu, ananunua duka la dawa, anameza viwili kila asubuhi tangu mwaka juzi. Kijana akaandika, akashukuru, akaenda kuwaambia wakubwa wake. Vidonge vya aina ile vikitumiwa kila siku kwa muda mrefu vinaweza kuharibu figo, na figo ndizo zilizokuwa zikiwaumiza kichwa. Vidonge vikasimamishwa, matibabu yakabadilishwa, na mzee alirudi nyumbani.

Sikusimulia kisa hiki ili niwaseme madaktari. Watu walewale kumi na wawili ndio waliomtibu mzee, na elimu waliyoizungumza kwa Kiingereza ndiyo iliyomwokoa. Nimekisimulia kwa sababu kinaonyesha kwamba heshima kwa mgonjwa ni sehemu ya tiba yenyewe. Wengine hudhani ni pambo la kuongeza kazi ikiisha. Asubuhi mzee alitazamwa kama somo, akatoa jibu la uongo bila kujua. Jioni alitazamwa kama mwalimu, akatoa jibu la kweli.

Nchi yetu ina tatizo la pekee katika jambo hili, nalo ni lugha. Daktari wetu amesomea kwa Kiingereza na mitihani yake ni ya Kiingereza, lakini mgonjwa wake anaumwa kwa Kiswahili, na pengine kwa Kigogo au Kisukuma. Maneno kama kichomi, mshipa, tumbo la chango au kizunguzungu yana maana pana katika vinywa vya watu, na hayana neno moja la kulingana nalo katika vitabu. Mwanafunzi anayejifunza kuyatafsiri hayo anajifunza udaktari wenyewe. Sisemi raundi zikatazwe kuendeshwa kwa Kiingereza, kwani wataalamu wanahitaji lugha ya wataalamu. Ninachosema ni kwamba kabla msururu haujahamia kitanda cha pili, mtu mmoja abaki nyuma dakika mbili, amwambie mgonjwa kwa Kiswahili: tumeona hivi, tutafanya hivi, je, una swali? Dakika mbili hizo hazihitaji mkopo kutoka nchi yoyote.

Labda utaniuliza, msikilizaji, kwa nini basi mtu akubali kulazwa hospitali ya kufundishia, akawe ubao wa kuandikia? Nitakujibu kwamba faida ni kubwa, na tumeiona kwa macho. Mahali panapofundishwa ndipo maarifa mapya yanapotua kwanza. Mwaka 1996 ilianzishwa kwa sheria Taasisi ya Mifupa Muhimbili, na mifupa na ubongo vikapata mahali pake. Mwaka 2010 Muhimbili ilifungua idara kamili ya tiba ya dharura, ya kwanza ya aina yake nchini, na mwaka huohuo chuo kikaanza kufundisha mabingwa wa fani hiyo. Idara na darasa vilizaliwa pamoja, na waliofundishwa pale wamekwenda kufungua idara kama hizo kwingineko. Mwaka 2015 ikaja Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Novemba 2017 figo ya kwanza ikapandikizwa Muhimbili, madaktari wetu wakisaidiana na wenzao kutoka India. Kabla ya hapo mwenye shida hiyo alisafirishwa nje, na ambaye hakusafirishwa alibaki na mashine ya kusafisha damu au na dua.

Mloganzila nayo imeshika njia hiyo. Imekuwa ikibadilisha nyonga na magoti yaliyosagika, kazi ambayo zamani mtu alitafuta pasipoti kwanza. Imekuwa ikiwapunguza uzito watu wenye unene wa kupindukia kwa kuwawekea puto tumboni. Mwaka 2020 ilipoingia korona, ilikuwa miongoni mwa hospitali zilizopokea wagonjwa wa maradhi hayo, wakati ambapo watu waliogopa hata kupita karibu na lango. Na katika eneo hilohilo la Mloganzila chuo kina kituo cha umahiri wa magonjwa ya moyo na mishipa ya damu kwa ajili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Nchi wanachama ziligawana kazi: Uganda saratani, Kenya figo, na sisi tukapewa moyo. Kwa hiyo daktari wa Bujumbura au Kigali anayetaka kujifunza moyo anaelekezwa njia ya Kibamba.

Haya yote ni matunda ya kufundisha. Bingwa anayeulizwa maswali na wanafunzi kila asubuhi hawezi kulala usingizi. Makosa yanayofichika mahali penye daktari mmoja huonekana penye macho kumi. Mgonjwa anautoa mwili wake usomwe, na hospitali inamrudishia utaalamu mkubwa kuliko ambao angeupata penginepo. Huo ni mkataba. Haujaandikwa popote, lakini upo, na mkataba wowote una wajibu pande zote.

Nianze na hospitali na chuo. Wajibu wao wa kwanza ni kuomba ruhusa. Mgonjwa ana haki ya kujua anayemgusa ni mwanafunzi au daktari, na ana haki ya kusema "leo hapana" bila kununiwa wala kucheleweshewa tiba. Wajibu wa pili ni sitara. Mama wa makamo hawezi kuvuliwa mbele ya vijana kumi wa umri wa wanawe, pazia likiwa limeegemezwa ukutani. Wapunguzwe, wabaki wawili, na pazia livutwe. Wajibu wa tatu ni kusimamia. Mwanafunzi asiachiwe peke yake kazi asiyoijua eti kwa sababu wakubwa wako kwenye mkutano. Na wale madaktari walio katika mwaka wa mazoezi wasifanywe punda. Tunaukumbuka mgomo wa madaktari wa mwaka 2012, na jinsi vijana hao walivyokuwa mstari wa mbele. Kila mmoja alikuwa na maoni yake kuhusu mgomo ule, lakini ulitufundisha sote kwamba wodi zetu za usiku zimebebwa na mabega ya vijana. Aliyekesha siku mbili hawezi kumwambia mgonjwa pole kwa sauti nzuri, hata kama moyo wake ni wa dhahabu.

Serikali nayo ina wajibu wake, na mkubwa ni njia. Hospitali ya pembezoni ina nafasi na hewa, lakini maskini anaihesabu kwa nauli. Ni kweli Barabara ya Morogoro imepanuliwa kutoka Kimara hadi Kibaha, na tangu mwaka 2021 kituo kikuu cha mabasi ya mikoani kiko Mbezi Luis, kwa hiyo mgonjwa anayetoka Dodoma au Iringa anashuka karibu zaidi na Mloganzila kuliko na Upanga. Hilo ni jambo jema. Lakini mfikirie mama wa Mbagala mwenye mtu wake kule. Anapanda daladala zaidi ya moja kwenda na zaidi ya moja kurudi, akiwa na chombo cha uji mkononi, na saa ya kuona wagonjwa haimngoji. Akiambiwa arudi jioni na dawa iliyokosekana, huyo amekwisha. Tulipoamua kuipeleka hospitali mbali na watu, tulijitwika deni la kuwapeleka watu hospitali, na deni hilo halilipwi kwa lami peke yake.

Kuna na fedha. Tangu mwaka 1993 tulianza kuchangia gharama katika hospitali za serikali. Makundi kama wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wazee wasio na uwezo yaliwekewa msamaha, na mwaka 2023 ikapitishwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Sheria ni mlango. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha mtu hafiki mlangoni akaambiwa ufunguo haupo.

Mwisho ni sisi wananchi, maana ni rahisi kuwanyoshea wengine kidole. Ngazi ya tiba iliwekwa kwa sababu: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa kama Amana, Temeke au Mwananyamala, ndipo hospitali ya taifa. Anayeruka ngazi zote kwa kichwa kinachouma tangu asubuhi anakalia benchi la mtu mwenye uvimbe kichwani. Na anayengoja hadi mgonjwa aache kula ndipo akodi gari usiku, naye anamwonea daktari. Tuende mapema na tuende kwa utaratibu. Tukifika, tuseme kweli yote: vidonge vya dukani, mizizi ya mganga, pombe, kila kitu. Tuulize jina la anayetuhudumia, na tuulize tena kile tusichokielewa. Anayeshindwa kulipa aulizie ofisi ya ustawi wa jamii hapohapo hospitalini kabla hajaamua kutoroka. Na kijana akija kando ya kitanda akasema, "Shikamoo mama, mimi ni mwanafunzi, naomba nikupime," basi mwenye kuweza na ampokee. Ukiwa na nguvu, mwambie mahali panapouma na jinsi panavyouma. Mfundishe.

Ndugu msikilizaji, kutoka madaktari 12 wa mwaka 1961 tumefika mahali ambapo nchi jirani zinaleta vijana wao kujifunza moyo kwetu. Hatukufika hapo kwa majengo wala kwa mashine tu. Tumefika kwa maelfu ya watu wasiojulikana waliolala Sewahaji, Mwaisela na Kibasila wakaruhusu maumivu yao yawe somo. Majina yao hayamo kwenye vibao vya ukutani, na waliowasoma leo ni mabingwa. Njia ya kuwalipa ni moja: mgonjwa anayelazwa usiku huu, Mloganzila au kwingineko, aamshwe kesho asubuhi kwa salamu, afunikwe shuka raundi ikiisha, na aambiwe kwa lugha yake ana nini.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kwa wiki hii. Kwaherini, na afya njema kwenu nyote.